Dodoso lipi la kupima msongo sugu? PSS-10, DASS-21, SRQ-20 na orodha ya Holmes na Rahe kwa watu wa Mwanza na mialoni

Kupima msongo wa mawazo uliokukalia muda mrefu hakuhitaji mashine. Kinachotumika zaidi ni karatasi ya maswali: mtu anajisomea au anasomewa, anajibu, alama zinajumlishwa. Madodoso ya namna hiyo yapo mengi na mengine yanazunguka kwenye simu bila maelezo yoyote. Tatizo ni kwamba kila dodoso lilitengenezwa kujibu swali lake, na watu huku kwetu Mwanza na kwenye mialoni, yaani fukwe ambako mitumbwi ya uvuvi hushusha samaki, wanapewa lolote lililopo karibu. Wafanyakazi wa mshahara, kina mama wanaoanika dagaa, vijana wa bodaboda, wote karatasi moja. Kisha mtu anaambiwa "una msongo mkali" kwa namba ambayo hata waliotunga dodoso lenyewe hawakuiweka.

Hapa naweka manne bega kwa bega: PSS-10 (Perceived Stress Scale), DASS-21 (Depression Anxiety Stress Scales), SRQ-20 (Self-Reporting Questionnaire) na orodha ya matukio ya maisha ya Holmes na Rahe. Nayaandikia hasa makundi mawili: mtu anayetaka kujipima mwenyewe, na kiongozi wa kikundi, iwe VICOBA, BMU (kikundi cha kusimamia mwaloni), kijiwe au darasa, anayetaka kujua hali ya watu wake. Mahitaji yao hayafanani, na dodoso linalomfaa wa kwanza linaweza kumdhuru wa pili.

Usugu uko wapi

Mwaka 1998 Sheldon Cohen na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu 276 wenye afya njema waliokubali kuwekewa virusi vya mafua puani. Waliokuwa na msongo mzito uliodumu mwezi mmoja au zaidi waliugua mafua kwa wingi kuliko wenzao. Msongo wa chini ya mwezi, hata ukiwa mkali, haukuleta tofauti hiyo. Na yaliyokuwa yakiwasumbua hao wa kwanza yalikuwa hasa mawili: kukosa kazi au kuwa na kazi isiyotosha, na migogoro isiyokwisha na ndugu au marafiki.

Mtu wa Mwanza hahitaji kufafanuliwa hayo. Mkopo wa kausha damu wenye marejesho ya kila siku ni msongo wa namna hiyo. Mume aliye kambini kisiwani ambaye hatumi hela wala hapokei simu, mgonjwa wa kulala nyumbani, mtaji uliozama kwenye dagaa walioozea mchangani kwa mvua na bado tajiri wa mtumbwi anadai chake, yote ni hayo hayo. Hakuna siku moja unayoweza kuionyesha kwa kidole ukasema balaa liliingia siku ile. Kwa hiyo dodoso lolote unalotaka kulichagua, liulize kwanza: linaangalia muda gani nyuma, na linaona nini katika muda huo?

| | PSS-10 | DASS-21 | SRQ-20 | Holmes na Rahe |
|---|---|---|---|---|
| Idadi | maswali 10 | maswali 21, 7 ni ya msongo | maswali 20 | matukio 43 |
| Muda unaoulizwa | mwezi uliopita | wiki iliyopita | siku 30 zilizopita | kwa kawaida mwaka uliopita |
| Majibu | 0 hadi 4 | 0 hadi 3 | ndiyo au hapana | kila tukio lina alama zake |
| Alama za juu | 40 | 42 kwa msongo, baada ya kuzidisha mara mbili | 20 | hutegemea matukio |
| Linaona nini hasa | jinsi unavyoona mambo yamekuzidi | msongo, hofu na sonona (huzuni nzito inayodumu), kila kimoja peke yake | dalili za dhiki ya akili kwa ujumla | mabadiliko yaliyokupata |
| Swali la kutaka kufa | halipo | halipo moja kwa moja | lipo, namba 17 | halipo |

PSS-10: ukitaka kujifuatilia mwenyewe

Cohen huyo huyo, pamoja na Tom Kamarck na Robin Mermelstein, alilitoa dodoso hili mwaka 1983 likiwa na maswali 14. Toleo la maswali 10 lilikuja mwaka 1988 na ndilo linalotumika zaidi sasa. Sifa yake kubwa ni kwamba halikuulizi una shida gani. Linauliza unavyoziona: katika mwezi uliopita, ni mara ngapi umejiona huna uwezo juu ya mambo muhimu ya maisha yako? Ni mara ngapi umeona shida zimerundikana hadi huwezi kuzimudu? Unajibu kuanzia 0, yaani haijatokea kabisa, hadi 4, yaani mara nyingi sana.

Hilo linalipa dodoso hili nguvu ya kusafiri. Halijali kama kilichokuelemea ni ada ya mtoto, bei ya sangara iliyoporomoka au bosi wa kiwandani. Mvuvi na mwalimu wanaweza kujibu maswali yale yale.

Lakini lina mtego, na nimeuona ukiwanasa watu wenye digrii zao. Maswali manne, namba 4, 5, 7 na 8, yameandikwa kwa upande wa heri: umejiamini kwamba unaweza kuzikabili shida zako, umeona mambo yanakwenda unavyotaka. Alama za hayo lazima zigeuzwe kabla ya kujumlisha: 0 inakuwa 4, 1 inakuwa 3, 2 inabaki 2, 3 inakuwa 1, 4 inakuwa 0.

Tazama kinachotokea usipogeuza. Mama wa kwanza amelemewa. Anajibu 3 kwenye maswali sita ya shida, hiyo ni 18, na 1 kwenye manne ya heri. Ukigeuza, zile 1 nne zinakuwa 3 nne, yaani 12, jumla 30. Usipogeuza anapata 22. Mama wa pili ametulia. Anajibu 1 kwenye yale sita, hiyo ni 6, na 3 kwenye yale manne. Ukigeuza anapata 10, usipogeuza anapata 18. Kwa hiyo watu wawili waliotofautiana kwa alama 20 wanatokea kwenye daftari lako wametofautiana kwa alama 4, na kikao kinafungwa kwa kusema kikundi kizima kina msongo wa kati. Ukipokea dodoso la PSS kwenye simu na halina maelezo ya kugeuza, lifute utafute jingine.

Jambo la pili ni madaraja. Utaona sehemu nyingi imeandikwa 0 hadi 13 ni msongo mdogo, 14 hadi 26 ni wa kati, 27 hadi 40 ni mkubwa. Cohen hakuweka mipaka hiyo. Dodoso lake si la kumwambia mtu ana ugonjwa. Alama zake zina maana zikilinganishwa: wewe wa mwezi huu na wewe wa mwezi uliopita, au kundi lako na kundi jingine lililojibu karatasi ile ile.

Na hapo ndipo linapotufaa kwa usugu. Katika majaribio ya mwanzo, wanafunzi waliorudia kujibu baada ya siku mbili alama zao zilifanana sana na za kwanza, uwiano wa 0.85 (1 ingekuwa kufanana kabisa). Kundi jingine lililorudia baada ya wiki sita uwiano wake ulikuwa 0.55 tu. Hali ya mtu inahama, na dodoso linahama naye. Maana yake ni kwamba kujaza mara moja hakukuambii kama msongo wako ni sugu. Kunakuambia mwezi wako umekwendaje. Mimi nashauri mtu ajaze mara tatu, mwezi mmoja kati ya moja na nyingine, aandike tarehe na alama basi. Zikipanda na kubaki juu mara zote tatu, hapo una jambo la kwenda nalo zahanati. Zikipanda mara moja zikashuka, ulipita kwenye mwezi mbaya.

DASS-21: linatenganisha vizuri, ila wiki moja ni fupi kwa ziwa

Dodoso hili lilitoka Australia, Chuo Kikuu cha New South Wales, mwaka 1995, kazi ya S. H. Lovibond na P. F. Lovibond. Toleo refu lina maswali 42, na hili la 21 ni nusu yake, ndiyo sababu kila jumla huzidishwa mara mbili. Ni la bure, mtu yeyote anaweza kulitumia.

Uzuri wake ni kutenganisha. Maswali saba ni ya sonona, saba ya hofu, saba ya msongo. Yale ya msongo yanauliza kuhusu kushindwa kutulia baada ya shughuli, kukasirishwa na vitu vidogo, kutovumilia chochote kinachokukatiza, kuwa mwepesi wa kuumia kwa maneno ya watu. Ni msongo unaoonekana kwenye tabia, na mara nyingi mke au mtoto ameuona kabla ya mwenye nao. Kwa mtu anayejiuliza "hivi nimechoka tu, au nimeanza kupoteza hamu ya maisha?", hakuna lingine kati ya haya manne linalomjibu vizuri hivyo.

Madaraja yake yaliwekwa na waanzilishi wenyewe. Kwa msongo, baada ya kuzidisha: 0 hadi 14 ni kawaida, 15 hadi 18 kidogo, 19 hadi 25 wastani, 26 hadi 33 mkali, 34 na kuendelea mkali sana. Madaraja hayo yanaeleza umesimama wapi ukilinganishwa na watu wengine waliopimwa. Mtu wa daraja la "kidogo" amepita wastani wa watu tu, bado yuko mbali na hali ya anayekwenda kutafuta tiba. Usimtishe kwa neno hilo.

Sasa ubaya wake kwetu. Linauliza wiki iliyopita, na maisha ya mwaloni hayaendi kwa wiki, yanaendeshwa na mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikaa vizuri dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa, mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, mabaharia wanarudi nyumbani. Wiki ya giza mtu halali, mikono imepasuka, lakini hela inaonekana. Wiki ya mbalamwezi analala, ila mfuko mtupu, na mkopo haujui habari za mbalamwezi. Mama anayeanika naye yuko humo humo: bila mitumbwi hana dagaa, bila dagaa hana marejesho.

Mpe baharia mmoja DASS-21 katika wiki hizo mbili na unaweza kupata watu wawili. Ukipima kambi moja wakati wa giza na nyingine wakati wa mbalamwezi, kisha ukasema kambi ya pili ina msongo zaidi, umepima mwezi wa angani. Mzunguko mzima wa mwezi ni siku 29 na nusu. Kwa hiyo PSS-10 na SRQ-20, zinazouliza mwezi au siku 30, zinafunika giza na mbalamwezi kwa pamoja, jambo ambalo waliozitunga sidhani kama walilifikiria, lakini kwetu ni faida kubwa. Ukilazimika kutumia DASS-21 mwaloni, ipitishe mara mbili, moja kila upande wa mzunguko, na uandike juu ya karatasi ilikuwa giza au mbalamwezi.

Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu pale Malimbe au mfanyakazi wa ofisini tatizo hili ni dogo. Wiki zake zinafanana, isipokuwa za mitihani na za kufunga hesabu.

SRQ-20: la kusomewa, na la kuogopa kidogo

Hili ndilo pekee kati ya manne lililotengenezwa kwa kufikiria nchi kama yetu. Ni la Shirika la Afya Duniani, kwa ajili ya wahudumu wa zahanati pale ambapo daktari wa akili hayupo karibu. Utafiti wake wa mwanzo, uliochapishwa mwaka 1980, ulifanyika Sudan, India, Ufilipino na Kolombia. Majibu ni ndiyo au hapana, na mtu asiyejua kusoma anaweza kusomewa bila dodoso kuharibika. Jaribu kumsomea mzee daraja tano za PSS, "haijatokea kabisa, nadra, mara chache, mara nyingi kiasi, mara nyingi sana", uone utakavyomchosha kabla ya swali la nne.

Lakini ndiyo na hapana nazo zinahitaji sikio. Chukua mama mtu mzima aliyekaa kando ya chanja la dagaa, muuguzi kijana yuko mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Katika siku thelathini zilizopita, mama, umekuwa ukilala vibaya?"

"Nalala saa ngapi sasa? Mitumbwi inaingia alfajiri, mimi nawasubiri hapa."

Je, hiyo ni ndiyo? Mama hajasema usingizi umemkimbia kwa mawazo. Amesema kazi yake iko usiku. Muuguzi haruhusiwi kubadilisha swali, lakini anaweza kulirudia pole pole, kuchukua ndiyo au hapana anayoitoa mama mwenyewe, na kuandika pembeni: kazi ya alfajiri. Maandishi ya pembeni kama hayo yana thamani kuliko jumla ya chini ya karatasi.

Kuna jambo kubwa zaidi, na hili kila anayepima mialoni au visiwani lazima alijue. SRQ-20 inauliza sana habari za mwili. Kuna swali la kichwa kuuma, la hamu ya chakula, mawili ya tumbo, mawili ya uchovu. Hapo tayari ni sita. Sasa huku kwetu kichocho cha tumbo, kile cha Schistosoma mansoni, kimeenea sana kwa watu wanaoingia ziwani kila siku. Kinaumiza tumbo, kinachosha, kinapunguza damu. Malaria nayo ipo. Mtu mwenye kichocho anaweza kufika ndiyo sita kabla hujamuuliza lolote la moyoni, na sehemu nyingi mstari wa kushtuka umewekwa kwenye 8. Ndiyo mbili za ziada zinatosha kumwita mgonjwa wa akili mtu anayehitaji prazikwanteli, dawa ya kichocho.

Usigeuze hili kuwa sababu ya kudharau malalamiko ya mwili. Watu wengi, hasa wanaume, wakielemewa hawasemi nina huzuni, wanasema kichwa na tumbo. Ninachosema ni kwamba usiishie kwenye jumla. Angalia ni maswali yapi yamejibiwa ndiyo. Ndiyo nane za mwili tupu zinahitaji kipimo cha choo na damu kwanza. Ndiyo nane zenye kulia, kujiona hafai na kukosa raha ya kitu chochote zinahitaji mazungumzo leo leo. Na huo mstari wa 8 si amri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1994 unataka kila mahali patafute mstari wake.

Swali la 17 nitalirudia mwishoni.

Orodha ya Holmes na Rahe: iache, au itumie kwa mazungumzo tu

Madaktari wa akili Thomas Holmes na Richard Rahe waliitoa mwaka 1967. Kufiwa na mwenzi ni alama 100, talaka 73, kifungo 63, kuoa au kuolewa 50, kufukuzwa kazi 47, Krismasi 12. Unajumlisha yaliyokupata. Ukipita 300 unahesabiwa kuwa kwenye hatari kubwa ya kuugua, chini ya 150 hatari ni ndogo. Watu wanaipenda kwa sababu inajazwa haraka na inaleta mjadala.

Kwa msongo sugu haifai, na sababu haziko kwenye tafsiri wala kwenye kipengele chake cha mkopo wa nyumba wa zaidi ya dola 10,000. Sababu ni kwamba inahesabu matukio. Binti aliyeolewa (50), akapata mimba (40), akahamia nyumba nyingine (20) ana alama 110, hata kama huo ndio mwaka wa furaha kuliko yote aliyoishi. Mama anayelipa marejesho kila siku kwa miaka, anaishi na mlevi na analea wajukuu anaweza asivuke 50, kwa sababu mwaka huu kwake hakuna kilichobadilika.

Na kuna muda. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Mjane wa siku ile alikuwa na alama 100 kwa kifo cha mwenzi. Ukihesabu kwa mwaka uliopita, ilipofika Oktoba 2019 tukio lile lilikuwa limetoka kwenye orodha yake, alama zimebaki sifuri. Ukimpa PSS-10 au SRQ-20 angalau unamuuliza anaendeleaje sasa. Dodoso linalosema msiba wa namna ile umekwisha kwa sababu kalenda imegeuka silitaki karibu na watu wa visiwani.

Ukiwa nayo, itumie kama kifungua kinywa cha mazungumzo kwenye kikao cha ndoa au cha vijana, bila kujumlisha.

Mengine yanayotajwa

PHQ-9 ya mwaka 2001 na GAD-7 ya mwaka 2006 ni nzuri na tafsiri za Kiswahili zipo, lakini ya kwanza inapima sonona na ya pili wasiwasi, kwa wiki mbili zilizopita. Zinakuja baada ya msongo kuonekana, zahanati au hospitali. Dodoso la Maslach la uchovu wa kazi ni la kulipia na linawahusu waajiriwa, manesi na walimu hasa. Kuhusu kupima kortisoli, homoni ya msongo, kwenye nywele, hoja yake inavutia, maana nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi na sentimita tatu zinabeba habari za miezi mitatu. Ila ni kazi ya maabara za utafiti, na matokeo yake mara nyingi hayaendani sana na yale watu wanayosema kwenye madodoso. Usilipie.

Sasa uchague

Kwa kujipima mwenyewe, ukiwa unasoma vizuri: PSS-10, mara tatu kwa miezi mitatu. Usijaze jioni ya siku ya marejesho, wala asubuhi baada ya ugomvi, maana mtu huulizwa habari za mwezi akajibu za siku ile. Alama zikibaki juu, ongeza DASS-21 mara moja ili ujue ni msongo, hofu au sonona, uende nayo kwa mhudumu.

Kwa kikundi cha mwaloni chenye watu wasiosoma: SRQ-20 kwa kusomewa, ikiwa tu umetimiza masharti ninayoyataja hapa chini. Kama hujayatimiza, tumia PSS-10 kwa kusomewa, daraja tano zikiwakilishwa kwa vijiwe au vizibo vya soda ambavyo mtu anavipanga mwenyewe. Inachukua muda, lakini haifungui kidonda usichoweza kukifunga.

Kwa wanafunzi na wafanyakazi wa ofisi: DASS-21 inatosha, bila majina.

Kwa kiwanda au kampuni inayotaka kujua hali ya wafanyakazi wake, PSS-10, na anayekusanya asiwe meneja wala mtu wa ofisi ya rasilimali watu. Mfanyakazi wa mkataba wa miezi mitatu akijua karatasi itasomwa na anayemwongezea mkataba, ataandika 0 kila mahali, na yuko sahihi kujilinda. Hali ni hiyo hiyo kwa VICOBA: mweka hazina asiwe msomaji wa maswali kwa mtu anayedaiwa, na mke wa tajiri asiwasomee mabaharia wa mumewe.

Dodoso lolote ulilochagua, usilitafsiri mwenyewe usiku wa kuamkia zoezi. Tafuta toleo la Kiswahili lililokwisha kutumika, ulisome kwa watu watatu au wanne wa mwaloni huo huo, uwaulize kila swali wamelielewaje. Wazee wengine wa Kisukuma na Kikerewe wanajua Kiswahili cha biashara vizuri kabisa, ila hawajawahi kukitumia kuelezea moyo wao. Kwao tafuta msomaji wa lugha yao.

Kuhusu swali la 17

Swali hilo linauliza kama wazo la kujiua limekuwa likimjia mtu. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi anapumua kwa sababu hatimaye kuna aliyeuliza. Lakini ukiuliza ni lazima uwe na la kufanya dakika hiyo hiyo, na masharti yangu ni haya. Awepo mtu mmoja aliyefunzwa, muuguzi au afisa ustawi wa jamii, siku ya zoezi, mwaloni hapo hapo na si kwenye simu. Mhudumu wa kituo cha karibu awe anajua mnapima siku hiyo. Mjue nauli ya boti au gari itatoka wapi, kwa sababu kutoka kisiwani hadi hospitali ya Sekou Toure au Bugando mjini Mwanza si hatua chache. Anayejibu ndiyo asirudi kambini peke yake. Ndugu anayemwamini aitwe, kwa ridhaa yake, na sumu za panya na dawa za mifugo ziondolewe anapolala.

Karatasi zisiwe na jina, ziwe na namba, na orodha inayounganisha namba na majina ikae kwa mhudumu huyo mmoja tu. Kanuni yetu ya Adhabu imekuwa ikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na watu wanalijua hilo. Mtu aliyewahi kujaribu hatakuambia ukweli mbele ya mwenyekiti wa mtaa aliyeshika kalamu. Mpeleke kando, maswali 16 ya kwanza yakiwa yameshaulizwa kwa utulivu, uliza la 17 kwa sauti ya kawaida, umalizie matatu yaliyobaki kabla ya kusema lolote kuhusu jibu lake.